Miongo ya Nine Inch Nails, ikipigwa Nakuru kwa chuma cha jua kali

Ukiingia baa ya kantri Nakuru Ijumaa usiku, usishangae kuikuta meza nzima ikimsindikiza Johnny Cash kwenye "Hurt". Wimbo si wake. Aliuandika Trent Reznor, kiongozi wa Nine Inch Nails, bendi ya Marekani ya roki ya viwandani (industrial), ukatoka 1994 kwenye albamu yao iitwayo The Downward Spiral. Cash aliurekodi 2002, mwaka mmoja kabla hajafariki. Na ule "Old Town Road" uliokaa wiki 19 kileleni Marekani mwaka 2019? Ile banjo inayoufungua ilikatwa kutoka kipande kisicho na maneno cha bendi hiyohiyo, "34 Ghosts IV" cha 2008. Watu wa huku wameisikia bendi hii miaka mingi bila kuijua kwa jina.

Sisi tunaoipiga Nakuru, na mara nyingine Kisumu na Kakamega, tunaona kosa lilelile kwa kila kikundi kipya. Wananunua pedali moja ya distosheni, ile inayochafua sauti ya gitaa, wanaikaza hadi mwisho, mwimbaji anafoka, basi. Wimbo wa 1989, wa 1994 na wa 2018 yote inatoka na rangi moja. Lakini sauti ya bendi hii iligeuka kila Reznor alipobadilisha chombo cha kutungia, na kila chombo kilikuwa na jambo lililokishinda. Lile lililokishinda ndilo unalolisikia kwenye rekodi. Ukitaka kupiga wimbo wa muongo fulani, rudisha kwanza upungufu wa chombo cha muongo huo.

Chukua Pretty Hate Machine ya Oktoba 1989. Reznor alikuwa kibarua wa studio moja ya Cleveland, Ohio, akifagia na kufanya kazi ndogondogo, na usiku studio ikibaki tupu aliachiwa kurekodi. Hakuwa na mpiga dramu wala mpiga besi. Alikuwa na Macintosh Plus, sintesaiza chache na mashine ya sampuli ya E-mu Emax, yaani ya kunasa vipande vya sauti na kuvipiga upya. Emax ni ya biti 12 na kumbukumbu yake ni kilobaiti 512. Picha mbili tatu za WhatsApp zinaijaza ikafurika. Kwa hiyo kila sauti ilibidi iwe fupi, na ung'avu wa juu ukaliwa. Ndiyo maana dramu za albamu ile husikika kama zinagongwa ndani ya sanduku la bati, kavu, kila pigo pacha wa lililotangulia.

Kuipata sauti hiyo kwenye laptopu hakuhitaji mashine ya zamani. Chukua sampuli safi, ishushe hadi biti 12 na hezi 27,000 hivi, kisha kata kila kilicho juu ya hezi 9,000. Fupisha mkia ubaki robo sekunde. Halafu, na hapa ndipo wengi huteleza, zima kila kitu kinachobadilisha nguvu ya pigo. La kwanza na la mia yawe sawa kabisa. Mpiga dramu wa kweli akiingia hapa anauharibu wimbo hata awe hodari namna gani. Mpe pedi ya umeme iliyofungiwa nguvu moja, au mpumzishe hadi nyimbo za 1992.

Kwa upande wa chuma, Nakuru inatupa zaidi ya studio nyingi. Einstürzende Neubauten walianza Berlin mwaka 1980 wakigonga vyuma vya taka; hapa vyuma vinagongwa asubuhi hadi jioni bila mtu kuomba. Wala chuma si mgeni katika muziki wa magharibi ya Kenya. Mpiga nyatiti huvaa oduong'o, pete nzito ya chuma, kwenye kidole gumba cha mguu na kuigonga kwenye ala huku vidole vya mkono vikishughulika na nyuzi nane.

Nenda kwa mafundi wa jua kali saa moja asubuhi, kabla graenda haijawashwa. Ikishaanza kunguruma hupati sampuli safi hadi jioni. Mweleze fundi unachotaka na umlipe muda wake. Ukirekodi kwa kujificha watadhani umetumwa na kanjo, askari wa kaunti. Weka maikrofoni mbili, moja sentimita 30 kutoka kwenye chuma na nyingine mita 2. Kipimo kisipite desibeli 12 chini ya kikomo, maana pigo la nyundo lina ncha kali na fupi kuliko jicho linavyoona kwenye taa za mixa. Usitegemee programu ya kawaida ya kurekodi ya simu. Ndani yake mna kidhibiti kinachoshusha sauti chenyewe nyundo inapotua na kuipandisha baadaye, hivyo pigo linasinyaa na boda boda za barabarani zinavimba nyuma yake.

Kila chuma kipigwe mara 10 kwa kila moja ya nguvu tatu: ya kugusa, ya kawaida, ya hasira. Mabati ya geji 30 hutoa kelele nyembamba inayotetema muda mrefu. Geji 28 ina uzito zaidi, na ukiishusha oktava moja inakuwa radi. Pipa tupu la lita 200 ukilipiga ubavuni kwa nyundo iliyofungwa kitambaa linakupa mguu wa dramu, yaani dundo la ngoma kubwa ya kukanyaga. Ukilitia maji lita 5 na mtu akaliinamisha wakati mlio bado uko hai, sauti inajipinda yenyewe, na hakuna pedali inayoifanya vizuri hivyo.

Lakini mfalme wa vyuma vyote ni kipande cha reli. Nakuru ni mji wa reli, na shule nyingi hutundika kipande cha reli au ringi ya gari mtini iwe kengele. Omba ruhusa siku ambayo hakuna masomo. Hakikisha kimening'inia kwa waya mwembamba peke yake, hakigusi shina. Kikigusa kitu chochote mlio hufa mapema. Gonga kwa boliti nene, kisha nyamaza. Mlio unaendelea sekunde nyingi kuliko unavyotarajia, na watu hukosa subira: wanagonga tena kabla haujaisha, mkia wa pigo la kwanza unaingia mwanzoni mwa la pili, na sampuli zote mbili zimekufa. Sikiliza hadi usikie ndege, ndipo ugonge tena. Ukiishusha reli oktava mbili unapata lango la gereza likifungwa taratibu, na hiyo ndiyo rangi ya 1994.

Unapokata sampuli, anza milisekunde 2 kabla ya ncha ya pigo. Ukikata juu ya ncha yenyewe, kila sampuli itaanza na "tik" isiyo yake. Na ukiwa Kakamega, maliza kabla ya alasiri. Mvua ya huko ikianguka juu ya paa la mabati haibembelezeki. Ila mvua yenyewe irekodi. Ukiipunguza biti inashinda kelele yoyote ya sintesaiza.

Mwaka 1992 Reznor alitoa Broken, gitaa likashika usukani, na "Wish" ikapata Grammy ya metali. Miaka miwili baadaye ikaja The Downward Spiral, ambayo ndiyo wengi huitaka, na ambayo ndiyo huwashinda. Gitaa lake halina mwangwi wa chumba. Reznor alilipitisha kwenye kisanduku cha Zoom 9030 na kuliingiza moja kwa moja kwenye kurekodi, bila spika, kisha akalichakaza ndani ya kompyuta kwa programu iitwayo Turbosynth. Ukiweka maikrofoni mbele ya spika ya gitaa umeshapotea njia, hata spika iwe ghali vipi. Chomeka gitaa kwenye tundu la ala la kadi ya sauti, tia distosheni ya programu, kata chini ya hezi 120 na juu ya hezi 6,500, kisha weka geti la kelele lifunge ghafla mkono unapotoka kwenye nyuzi. Ule ukimya mkali kati ya mapigo ni sehemu ya wimbo. Bila geti unabaki na mvumo wa umeme ukijaza kila pengo, na huku hezi 50 za stima hazina aibu.

"Closer" ya albamu hiyohiyo huenda mapigo 90 kwa dakika. Ni polepole kuliko unavyodhani, na mikono iliyozoea benga hukimbia. Mguu wa dramu ulichukuliwa kutoka "Nightclubbing" ya Iggy Pop ya 1977, ukachakazwa usitambulike, na hata kwenye rekodi ile ya awali ulikuwa umetoka kwenye mashine ya ngoma. Ni nakala ya nakala. Kwa hiyo usihangaike kuutia nguvu. Utie uchafu, kisha uache uwe mdogo; ukubwa wa wimbo huo unaletwa na besi ya sintesaiza.

"March of the Pigs", ya albamu hiyo pia, ndiyo mtihani. Hesabu yake ni duru ya mapigo 29: saba, saba, saba, halafu nane. Mpiga dramu aliyekulia kwenye kwaya au sukuti, ngoma za Waluhya, huongeza pigo la nane kwenye saba ya kwanza bila kujua, na gitaa linajikuta limebaki nyuma. Hakuna haja ya kumgombeza, mpe maneno. Sisi hutumia hesabu ya kusema kwa mdomo: moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu, mara tatu, kisha moja-mbili mara nne. Aiseme bila fimbo kwa mwendo wa kutembea hadi aweze kuisema huku akimwaga chai, ndipo ashike fimbo, na mwendo upandishwe mapigo 5 kwa kila zoezi. Atakapofika kwenye ile sehemu ambapo kelele zinakatika na kinanda kinabaki karibu peke yake, atataka kuijaza. Mzuie.

Turudi kwa "Hurt", kwa sababu mtu ataiomba. Beti za Cash zimekaa kwenye Am, C na D, kodi (chords) za kanisani, na ndiyo maana baa nzima inaweza kuimba. Ya asili ina mwiba: noti mbili zinazopigwa pamoja, B na ile iliyo nusu hatua chini ya F#, yaani kwenye gitaa uzi wa tano freti ya 2 na uzi wa nne freti ya 3. Umbali wao ni nusu kamili ya oktava, na masikio hayatulii. Mpiga gitaa mzoefu huku hukisogeza kidole hadi freti ya 4 kwa nia njema, akidhani amekosea. Mwandikie freti kwenye karatasi na umwambie wazi kwamba ubaya huo unatakiwa. Halafu mwisho wa wimbo kuna kodi moja nzito yenye distosheni inayolala kwa muda mrefu. Kama mwanzo mlicheza kwa sauti kubwa, kodi hiyo haitakuwa na pa kupandia. Anza chini kiasi kwamba watu wasikie glasi.

Jukwaani, sampuli zote hutoka kwenye laptopu moja. Njia rahisi ni kutoa muziki kwenye mkono (chaneli) wa kushoto na klik, ile mlio wa kumhesabia mpiga dramu mwendo, kwenye mkono wa kulia. Ni rahisi mno. Siku fundi wa sauti wa ukumbi akiunganisha mikono yote miwili kuwa mmoja, ukumbi mzima unasikia klik, na hakuna wimbo unaonusurika. Tafuta kadi ya sauti yenye matundu manne ya kutolea sauti, ya 1 na 2 yaende kwa fundi, ya 3 yaende kwa mpiga dramu, na waya wake usiwe na urefu wa kufika kwenye mixa ya ukumbi. Huo waya mfupi umetuokoa kuliko maelezo yoyote. Bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho laptopu hukusanya kabla ya kukitoa, iwe 256 kwa hezi 48,000, ambayo ni kuchelewa kwa milisekunde 5 na kidogo. Ukiweka 128 kwenye laptopu iliyochoka, inaanza kutafuna sauti wimbo wa tatu. Na Kisumu mchana, chini ya hema, laptopu hupata joto na kupunguza kasi yenyewe. Iinue kwa vipande viwili vya mbao hewa ipite chini, na isikae juani hata dakika tano za kupima sauti.

Stima ikikatika, laptopu huendelea kwa betri, na hilo ndilo hudanganya watu. Mixa ndogo na kikuza sauti cha visikizi vya mpiga dramu vimezima, anapoteza klik, na muziki unarudi ukiwa umemtangulia. Weka laptopu, kadi ya sauti, mixa ndogo na kikuza hicho kwenye UPS moja ya VA 650. Spika usizichomeke humo kamwe, zitaimaliza mara moja. Kila kitu cha jukwaani kitoke kwenye soketi moja, ili mvumo usizaliwe kati ya soketi mbili. Mvumo ukibaki, chomoa chaja ya laptopu kwanza, ndiyo mshukiwa wa kawaida, kisha tumia kisanduku cha kutenganisha waya wa ardhi. Kuna mafundi watakaopendekeza kukata pini ya ardhi kwenye plagi. Wakatalie. Mwimbaji ameshika maikrofoni ya chuma kwa midomo iliyolowa.

The Fragile ya 1999 ni diski mbili, na hapa chombo kikawa nyuzi: gitaa tabaka kwa tabaka, ukulele, selo. Kikundi cha watu wanne hakiwezi kuibeba yote, na wala hakipaswi kujaribu. Chagueni "The Day the World Went Away", ambayo haina dramu kabisa. Mpiga dramu awe na gitaa la pili, na gitaa moja lishushwe sauti hadi lisikike tu linapokosekana. With Teeth ya 2005 kinyume chake, ni ya ngozi na fimbo. Dave Grohl alipiga dramu kwenye nyimbo kadhaa. Mwaka huohuo Reznor alitoa faili za GarageBand za "The Hand That Feeds", kila ala peke yake, watu wazichokonoe. Kwa anayejifunza, ni darasa zima. Nyamazisha kila kitu ubaki na besi pekee, utashangaa ni chafu kiasi gani.

Year Zero ya 2007 ilitungwa kwa sehemu kubwa kwenye laptopu, bendi ikiwa safarini, na inasikika hivyo: kelele za dijitali zilizobanana, hakuna hewa. Kwetu hiyo ndiyo albamu ya bei nafuu kuliko zote kupiga, maana chombo kilichoitunga tunacho. Mwaka uliofuata vikaja vipande 36 vya Ghosts I–IV, vilivyotengenezwa kwa wiki 10 na kutolewa kwa leseni ya Creative Commons. Leseni hiyo inaruhusu kuchakata bila kufanya biashara, na ukitoa kazi yako uitoe kwa masharti yaleyale. Ukiweka kipande chake kwenye tangazo la duka la Nakuru, umeivunja.

Hesitation Marks ya 2013 ilitolewa kwa namna mbili: ya kawaida, iliyobanwa iwe na sauti kubwa, na nyingine iliyoachiwa nafasi ya kupumua. Pigeni zote mbili kwenye spika za ukumbi kwa ukubwa uleule wa sauti, mara moja tu, na kikundi kizima kitaelewa kwa nini sampuli zenu zinachosha. Sisi huacha desibeli 6 tupu juu ya kila faili. Faili zilizokatwa vilele ndizo huunguza twita za kukodi, zile spika ndogo za sauti za juu, na twita ya kukodi unailipa wewe.

Kuanzia 2016, Atticus Ross, mshirika wa Reznor, akiwa ameingizwa rasmi kwenye bendi, zikaja rekodi tatu fupi, ya mwisho ikiwa Bad Witch ya 2018 yenye nyimbo sita na saksafoni ya Reznor mwenyewe. Saksafoni si rahisi kupatikana, lakini magharibi kuna wapiga tarumbeta wengi waliofunzwa kwenye bendi za Jeshi la Wokovu, na tarumbeta iliyopitishwa kwenye distosheni ileile ya gitaa inatosha. Mpigaji atasafisha noti kwa mazoea. Mwombe apulize kwa hewa pungufu, noti ivunjike katikati.

Kwa kufunga shoo tunatumia mbinu ya "The Background World" ya 2017, wimbo wa karibu dakika 12 ambamo kipande kimoja kinarudiwa zaidi ya mara 50, kila mara kikiwa kimechakaa zaidi. Kukitengeneza: kata kipande cha sekunde 8 kutoka wimbo wenu mliomaliza kupiga, acha pengo dogo mwishoni ili mrudio ukwame kidogo, kisha kitoe kwenye kadi ya sauti kwa waya na kukiingiza tena kwenye kadi hiyohiyo kikiwa kimezidi desibeli 3. Rekodi, rudia. Kata chini ya hezi 40 kila mzunguko, la sivyo mvumo wa chini unajilimbikiza na kumeza kila kitu kabla ya mzunguko wa 15. Kwetu sauti ya mtu hupotea karibu na mzunguko wa 20. Kufika 35 hivi inabaki dundo na mchanga. Panga mizunguko yote kwenye faili moja, bendi ishuke jukwaani mmoja mmoja. Na mwambieni fundi wa sauti mapema, tena mara mbili, kwamba hivyo ndivyo wimbo ulivyo, kwa sababu asipojua atadhani waya umeharibika, na atazima kila kitu ikifika mzunguko wa kumi.